Anayeosha mirija ya wino naye ni fundi

 

Leo naongea juu ya kazi ambayo watu wengi hawaioni kabisa: kuosha mirija ya wino kwenye zile mashine kubwa za kuchapa mabango. Najua kuna atakayesema, huyu naye, mashine yenyewe hatuna, mirija ya nini? Ngoja kwanza. Mimi nasema hivi: kuosha mashine ni ufundi kamili, na anayeifanya kazi hiyo anastahili kufundishwa, kulindwa na kulipwa kama fundi. Kwa sasa mahali pengi kazi hiyo anaachiwa kibarua wa mwisho, na mara nyingi huyo kibarua ni mmoja wetu. Hana glavu, hana maelezo, ameonyeshwa tu chupa na kitambaa. Hapo tunapoteza vitu vitatu kwa mara moja: mashine, afya ya kijana, na ajira ambayo ingeweza kumlisha.

Angalia mabango yaliyo karibu yako. Kila mradi una bango. Kila kisima, kila darasa, kila mkutano, kila semina ya siku mbili ina bango lenye nembo. Ikifika Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, yanachapwa mengine. Uchaguzi ukija, mengine tena. Na bango likimaliza kazi yake halitupwi: mama mmoja analifanya paa la jiko, mwingine anafunika kuni, mwingine anakausha juu yake maharage. Sisi wakimbizi tunayajua mabango kuliko mtu yeyote, upande wa mbele na upande wa nyuma. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye printa ya solventi. Zile za kawaida kwenye maduka ya uchapaji zina upana wa mita 3.2 hivi, zinakula turubai la PVC likiwa limeviringishwa. Juu ya turubai kinakimbia kigari kilichobeba vichwa vya kuchapia, kushoto kulia, kushoto kulia. Kichwa kimoja cha aina ya Konica Minolta 512, ambacho kinajulikana sana kwenye mashine za namna hii, kina nozeli 512, yaani vitundu 512 vya kutolea wino, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Ukiwa na vichwa vinne, una vitundu 2,048. Toleo moja la kichwa hicho hurusha tone la pikolita 42. Lita moja ina pikolita milioni mara milioni. Sasa fikiria mwenyewe: kitu kinachotoa tone dogo namna hiyo, kinahitaji uchafu wa ukubwa gani ili kizibe?

Na huo wino wenyewe si maji yenye rangi. Una vitu vitatu vikubwa ndani yake: chembe za rangi, resini ambayo ni kama gundi ya plastiki, na solventi ambayo ndiyo kimiminika kinachobeba hizo mbili. Wino ukifika kwenye turubai, solventi inalainisha kidogo ngozi ya PVC, kisha hita ya mashine inaikausha, inapaa hewani. Resini inabaki imeng'ang'ania pale na chembe za rangi ndani yake. Ndiyo sababu mvua yetu ya Rusizi, na mnaijua mvua yetu, inapiga bango miezi na miezi na rangi haitoki.

Shida ni kwamba jambo lile lile linatokea ndani ya mashine ikiachwa. Solventi inapaa kupitia mdomo wa nozeli, resini inabaki, inaganda, kitundu kinaziba. Kwenye tanki na kwenye mirija, chembe za rangi zinashuka chini polepole kama mashapo ya togwa. Siku ukiwasha, pampu inayasukuma yale mashapo yote kwenda kwenye filta na kwenye vichwa. Kwa hiyo mashine ya mabango haifi sana kwa kufanya kazi. Inakufa kwa kukaa. Na kazi ya mabango huku kwetu iko hivyo hasa: wiki mbili watu hawalali, kisha mwezi mzima kimya. Ongeza umeme unaokatika katikati ya kazi, ongeza vumbi letu jekundu la Juni hadi Agosti, hapo mashine iko kwenye hatari kila siku.

Sasa nieleze uoshaji wenyewe, maana sitaki niseme ni ufundi bila kuonyesha ufundi huo uko wapi. Haya nimejifunza kwa kukaa na mafundi na kuuliza maswali mpaka wakachoka na mimi.

Kuna kuosha kwa aina tatu, na kila kuosha kuna wakati wake.

Kwanza ni kuosha kwa kila siku. Asubuhi kabla ya kazi unachapa mistari ya kupima nozeli. Ukiona mstari umekatika, unasukuma wino kidogo ili ufungue njia, kisha unapangusa uso wa kichwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa dawa ya kuoshea. Unapangusa upande mmoja, mara moja, taratibu. Husugui, wala hurudi nyuma na kitambaa hicho hicho, kwa sababu utaingiza rangi ya njano kwenye nyeusi na nyuzi kwenye vitundu. Jioni, kichwa hakiachwi wazi. Kinalazwa juu ya sponji au kifuniko chenye unyevu wa dawa ili mdomo wa nozeli usikauke usiku.

Pili ni kuosha kwa kulaza mashine, pale unapojua haitafanya kazi wiki kadhaa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanachofanya ni kumwaga dawa kwenye tanki, wanawasha pampu, dawa inapita kila mahali, wanaona imetoka safi kidogo, wanasema tumemaliza. Kumbe wamechukua takataka zote za tanki na mirija wakazipeleka moja kwa moja kwenye vichwa, sehemu ya gharama kubwa kuliko zote.

Fundi anayejua anafanya kwa mpango. Anazima mashine, anatoa umeme kabisa, kwa sababu tone moja la dawa likifika kwenye waya bapa wa kichwa wakati umeme upo, kichwa kinaungua. Anachomoa mirija kutoka kwenye vichwa. Anatoa wino uliobaki na kuuhifadhi kama bado ni mzima. Anaosha tanki kubwa, anaosha tanki dogo lililo juu ya kigari, anapitisha dawa kwenye mirija, na mwisho wa mirija ameweka chombo cha kukingia. Anapitisha mara ya kwanza, inatoka nzito. Mara ya pili, inatoka nyepesi. Mara ya tatu au ya nne inatoka karibu na rangi yake ya mwanzo. Anabadilisha filta, maana filta ya zamani imebeba kila kitu alichotoka kukiosha. Ndipo anaosha vichwa peke yake, kimoja kimoja, kwa sirinji yenye filta ndogo, akisukuma kwa upole sana. Nguvu ikizidi, vitu vya ndani vinapasuka na hakuna wa kuvishona. Mwisho anarudishia mirija, anajaza dawa safi kwenye njia yote na kuiacha humo mashine ikiwa imelala. Siku ya kuamka, anaitoa dawa na kuingiza wino.

Tatu ni kuosha kwa kubadilisha wino. Mwenye duka akinunua wino wa kampuni nyingine kwa sababu bei imeshuka, huwezi kuumimina tu juu ya ule wa zamani. Wino mbili zinaweza kukataana, zikaganda kama maziwa yaliyotiwa limau, na zikagandia ndani ya mirija. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua kichupa cha kioo, changanya kidogo kidogo wa zamani na mpya, funika, ngoja mpaka kesho yake. Ukiona madonge au tabaka, usithubutu bila kuosha njia yote. Hata usipoona kitu, kuosha bado ni salama zaidi.

Halafu kuna vitu ambavyo havitakiwi kabisa, na nimeona vyote vikijaribiwa. Maji hapana: wino wa solventi ukikutana na maji unaganda. Esansi hapana, tina ya rangi za nyumba hapana, asetoni hapana: hizo zinaweza kula gundi na raba za ndani ya kichwa na kuvimbisha mirija. Sindano kwenye nozeli hapana. Upepo wa kompresa hapana. Dawa sahihi ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wino huo huo, yaani solventi ya familia moja na ile iliyo ndani ya wino, ambayo inayeyusha resini bila kuumiza mashine.

Niambieni sasa. Mtu anayejua yote haya, anayejua aanze wapi, amalizie wapi na kwa nini, huyo ni kibarua wa kufagia?

Hapa nafika kwenye jambo linaloniuma. Kuna duka moja nililowahi kwenda kuchukua mabango ya shughuli ya vijana. Nyuma, kwenye chumba bila dirisha, alikuwa kijana wa kwetu anaosha vichwa kwa mikono mitupu. Vidole vilikuwa vimepauka na kupasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikamuuliza kichwa hakimuumi. Akasema kinauma kila siku ya kuosha, lakini kesho yake kinapona. Nikamuuliza kwa nini havai kitu. Akasema hakuna aliyemwambia. Alikuwa analipwa kwa siku, tena chini ya yule anayekaa kwenye kompyuta.

Ndugu zangu, ile harufu tamu ya duka la mabango si manukato. Wino na dawa hizi zina kemikali kama sikloheksanoni na asetati ya butili glikoli. Mvuke wake ukiuvuta unaleta kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha, kichwa kuuma. Kemikali hizo haziingii kwa pua peke yake, zinapita kwenye ngozi pia. Zinaondoa mafuta ya ngozi, ndiyo sababu vidole vinapasuka, na ngozi iliyopasuka inapitisha zaidi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unajikusanya chini, na unashika moto. Nimeona mtu anaosha vichwa na mwenzake anapika chai kwa makaa hatua tatu kutoka pale.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ile ya buluu ya hospitali pia haizuii, imetengenezwa kwa matone ya mate. Kinachozuia ni barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu kwa ajili ya mvuke wa kemikali, na vichujio hivyo vina mwisho, vinabadilishwa. Glavu nyembamba za mpira za zahanati zinapitisha solventi haraka. Za nitrile ni afadhali, lakini nazo si za siku nzima: zikilowa, vua, vaa nyingine. Miwani ni lazima, kwa sababu sirinji ikichomoka dawa inaruka usoni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda zahanati, usingoje kesho. Na kabla ya hayo yote, jambo la bure kabisa: fungua mlango na dirisha, osha mahali penye hewa, peleka jiko mbali.

Halafu yale maji machafu. Dawa iliyotumika inakwenda wapi? Mara nyingi inamwagwa nyuma ya duka, au chooni, au kwenye mfereji wa mvua. Huku kwetu kila kitu kinateremka. Mlima unamwaga kwenye kijito, kijito kinamwaga Rusizi, na Rusizi inatoka Ziwa Kivu inakwenda mpaka Tanganyika. Chini kule kuna mashamba ya mpunga ya Bugarama, na ng'ambo ya mto ni Kamanyola, kisha uwanda wote mpaka Uvira. Wengi wetu tuna mama, wajomba na shangazi wanaochota maji huko. Hatuwezi kulia kwamba tuko mbali na nyumbani halafu tunawatumia wino kwa njia ya mto.

Kumbe kuna njia rahisi ya kupunguza uchafu na gharama kwa pamoja. Dawa ya mzunguko wa kwanza ndiyo chafu kweli. Ya mzunguko wa tatu na wa nne bado ina nguvu. Ihifadhi kwenye kidumu chenye kifuniko, andika juu yake, iache itulie mashapo yashuke, kisha itumie kuwa ya mzunguko wa kwanza kwenye uoshaji ujao. Ile chafu kabisa nayo inawekwa kwenye kidumu chake, imefungwa, mbali na moto na watoto, mpaka ichukuliwe na wanaopokea taka za kemikali. Na hicho kidumu kisirudi nyumbani kuchotea maji, hata kikioshwa mara kumi.

Sasa naongea na ninyi ndugu wa mashirika, kwa heshima. Mnatufundisha mengi na tunashukuru. Nimeona mafunzo ya kompyuta, ya kuchora mabango, ya ujasiriamali. Mwisho wa mafunzo kuna vyeti, kuna picha, na nyuma ya picha kuna bango. Lakini sijawahi kuona mafunzo ya kutunza mashine iliyochapa lile bango. Vijana 30 wanatoka wanajua kuchora kadi ya harusi, na mji mzima una maduka machache ya uchapaji ambayo tayari yana wachoraji. Maduka hayo hayo, printa ikiziba, yanatafuta fundi wa kuizibua, anatoka mbali, nauli juu yao, kazi ya mteja imelala.

Najua jibu litakalokuja. Wafadhili wanapenda kununua kitu kipya kinachoonekana, matunzo hayapigwi picha. Ni kweli, mrija safi hauna sura nzuri kwenye ripoti. Lakini fanyeni hesabu. Bei ya kichwa kimoja kilichokufa ni sawa na posho ya kujitolea ya miezi mingi. Mashine ambayo kikundi cha vijana kinapewa bila dawa ya kuoshea, bila filta za akiba na bila mtu aliyefundishwa, hiyo ni sanamu ya kesho. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye uchapaji, usipoosha mrija utanunua kichwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni vitu vitatu. Kama mradi wenu unanunua printa, dawa, filta na glavu za mwaka mzima ziwe ndani ya bajeti hiyo hiyo, zisiachwe kwa "kikundi kitajitegemea". Kama mnafundisha uchoraji, ongezeni wiki mbili za mashine, na mwalimu awe fundi wa duka, mwenye mikono yenye wino, asiwe mtu wa slaidi tu. Na kama mnachapa mabango yenu dukani, muulize lile duka swali moja: nani anaosha mashine yenu na anavaa nini? Ninyi ndio wateja wakubwa. Mkiuliza mara tatu, glavu zitanunuliwa. Bango lililoandikwa "Linda vijana" halifai kutoka kwenye mikono iliyopasuka ya kijana asiye na glavu.

Wenye maduka nao nawaelewa. Dawa ni ghali, mashine imenunuliwa kwa mkopo, mteja anataka bei ya chini. Lakini yule kijana unayemwita "yule wa kuosha" ndiye ameshika uhai wa mashine yako. Ukimwonyesha vizuri na kumlipa vizuri hatakuacha katikati ya msimu, na hatasugua kichwa kwa hasira.

Mwisho, naongea na ninyi wadogo zangu, wavulana na dada zangu pia, kwa sababu kazi hii haihitaji misuli, inahitaji utulivu wa mkono. Hatuko hapa kwa kupenda. Wengine walivuka Februari 2025 Bukavu ilipochafuka, wakapitia Nyarushishi na mfuko mmoja begani. Wengine wako nje tangu watoto. Tunajua vitu gani vinabebeka siku ya kukimbia na vitu gani vinabaki. Kompyuta inabaki, duka linabaki, cheti kinalowa mvua. Ujuzi wa kuosha mirija unauvusha mpaka bila kuulizwa. Na printa za solventi ziko kila mahali: Kigali, Bukavu, Bujumbura, Kampala, Nairobi. Wino unaganda vile vile popote, hauulizi kitambulisho. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hiyo ni nafasi ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana. Tusiingie nayo kwa mlango wa nyuma tu, wa kubeba na kufagia.

Kuna anayeona aibu. Anasema, nimemaliza sekondari, niende kuosha mipira ya wino? Sikiliza. Yule anayechora bango, mashine ikiziba anakaa. Mwenye duka naye anakaa, na mteja anakaa. Mtu mmoja tu ndiye anasimama. Kuwa huyo mtu. Lakini usiwe huyo mtu kwa mikono mitupu. Kama duka linakutaka uoshe, omba glavu, omba miwani, omba mlango ufunguliwe. Uliza dawa hii inaitwaje na soma maandishi ya kwenye chupa. Andika kwenye daftari: tarehe, rangi gani ilioshwa, mizunguko mingapi, filta ilibadilishwa lini, nozeli ngapi zilikuwa zimeziba kabla na ngapi baada. Baada ya miezi sita daftari hilo ni ushahidi wako. Mwingine akija na cheti, wewe unafungua daftari. Na siku ya kuongea mshahara, liweke mezani.

Nawazia kikundi chetu kianze kidogo. Tusingoje mradi. Tunaweza kupata watu watano, tukaomba fundi mmoja mwenye moyo atufundishe Jumamosi mbili, tukachangia glavu na miwani, tukawa kundi la kuzunguka madukani kuosha kabla ya misimu: mwishoni mwa Mei kabla ya Siku ya Wakimbizi, na tena wakati kazi zimepoa, ili mashine zilale vizuri. Bei ijulikane, kazi iandikwe, vidumu vya uchafu vihesabiwe. Mwenye nia aje tuongee Jumapili baada ya ibada na sala. Aje na daftari, na kalamu isiyoganda.